Kielelezo cha Tatu

Karani, andika. Jina langu Perez Adoyo,
muuza mchele, Ahero, upande wa mfereji.

Gari nililinunua Februari, tarehe nne,
yadi ya Bwana Ambundo, Mamboleo:
jeupe, viti vimepulizwa manukato ya limau
mpaka mtu anakohoa.
Laki saba na themanini.
Laki sita ni mkopo wa chama, zilizobaki
ni magunia yangu ya misimu mitatu.
"Limetoka melini juzi," alisema, "halijakanyaga lami ya Kenya."
Hapo hakudanganya.

Siku ya tisa, mlima wa Riat.
Magunia manane nyuma, nayapeleka Kakamega.
Taa zote za dashibodi ziliwaka pamoja
kama duka siku ya Krismasi,
usukani ukakaza shingo,
injini ikashusha pumzi moja ndefu,
kimya.
Nilishuka nikatafuta jiwe la kuzuia gurudumu.
Malori yalinipita yakinipigia honi
kana kwamba nimeegesha kwa kiburi.

Nikampigia. Akasema, betri.
Nikanunua betri.
Akasema, mama, una mguu mzito.
Nikampa mwanangu aendeshe.
Akasema, soma risiti.
Nikasoma: Limeuzwa jinsi lilivyo. Hakuna kurudisha.
Muhuri umeyakalia maneno hayo
kama kuku juu ya mayai.
"Na mwenye macho," akaongeza, "haambiwi tazama."

Fundi Ogweno wa Kondele hutazama kwa mikono.
Aling'oa viti. Akakunja zulia.
Chini yake palikuwa na udongo,
laini, wa kijivu, umekauka ukapasuka
kama uji uliosahauliwa sufuriani.
Fundi akasema: vumbi.

Mheshimiwa, mimi nimezaliwa Ahero.
Mto Nyando umeingia nyumbani kwa mama yangu
mara nyingi kuliko wakwe.
Vumbi nalijua. Najua pia kile maji huacha
yakishachoka kukaa.
Nikachota kidogo kwa ncha ya kidole,
nikaweka ulimini.
Chumvi.

Ziwa letu halina chumvi.
Mto wetu hauna.
Basi gari hili lilizama mbali, katika bahari nisiyoijua,
labda mwenyewe akiwa juu ya paa akilitazama;
likaopolewa, likaoshwa, likapulizwa limau,
likavuka maji mengine
lije lizame tena, kwangu.
Bwana Ambundo aliniuzia jinsi lilivyo.
Lilivyokuwa, hakusema.

Sina wakili. Mpwa wangu alinisomea Katiba kwenye simu,
kifungu cha arobaini na sita, mara mbili,
kwa kuwa mara ya kwanza sikuamini
kwamba kuna mtu aliketi mezani akaandika
kuwa mnunuzi ana haki ya kuambiwa.

Sitaki gari lingine. Sitaki pole.
Nataka laki saba na themanini,
betri,
na pesa za lori lililonivuta kutoka Riat.

Hii hapa risiti. Hii barua ya fundi.
Na hiki, kichupa cha dawa ya kikohozi,
nimekiosha vizuri kabla ya kukijaza.
Karani ananiuliza aandike nini.
Andika udongo.
Andika: kielelezo cha tatu, udongo wa baharini,
umeletwa na mwanamke wa mtoni.
Kisha mpitishie Bwana Ambundo pale dirishani,
yeye asiyeniangalia tangu asubuhi.
Akifungue.
Bado kinanukia limau.