Filimbi ya Tangi

Miaka thelathini na moja nimeingiza mpira
kwenye mdomo wa chuma ubavuni mwa nyumba za watu,
theluji magotini, vidole vimekufa ganzi,
nikisikiliza.
Tangi la mafuta huimba likijazwa:
hewa inatoka, inapuliza filimbi ndogo kule chini gizani,
fyuuu, mfululizo, kama mtu anayetafuta mbwa wake.
Filimbi ikikatika, funga. Limejaa.
Ukichelewa pumzi mbili, utafua zulia la mwenye nyumba.

Ndiyo elimu yangu yote. Sikujua kama ni elimu
mpaka jimbo la Maine lilipoandika mpango.

Mpango una kurasa nyingi na picha ya mnara wa taa.
Binti yangu alinisomea mezani, supu ikipoa:
magari, misitu inayomeza hewa chafu,
barabara za pwani zitakazoinuliwa kabla bahari haijazifuata,
na ukurasa wa arobaini na kitu, nyumba zetu,
zinazokunywa mafuta kuliko walevi wa Ijumaa.
Ruzuku kwa atakayeng'oa tangi.
"Baba," akasema, "hapa wamekuandika wewe."
Nikatafuta jina langu. Palikuwa na mstari tu:
mafunzo kwa wafanyakazi wa sekta inayoondoka.

Inayoondoka! Kana kwamba nimekwisha funga virago.

Nilikwenda darasani Lewiston na hasira zangu,
nikakaa nyuma. Mwalimu, Hodan Warsame,
umri wa kitinda mimba wangu, ushungi wa buluu, bisibisi mkononi,
akatuambia: hewa ya baridi nayo ina joto,
hata siku ambayo mate yanaganda kabla hayajafika chini.
Kazi ya pampu ni kuliokota.
Nikacheka. Akaushika mkono wangu, akauweka mbele ya mashine.
Sikucheka tena.

Mteja wangu wa mwisho alikuwa Bi Verna Pelkey, kule ghubani.
"Mkono wa serikali ukitoa," alisema, "tazama mwingine uko wapi."
Lakini Januari bahari iliingia chini ya nyumba yake,
tangi likaelea, likapinduka,
na mafuta niliyoyamimina mwenyewe Jumanne
yakapanda ngazi pamoja na maji.
Nikarudi na pampu. Akaitazama ukutani.
"Nitajuaje kama inafanya kazi? Haipigi filimbi."

Usiku huo niliendesha polepole.
Nikawaza anga: nalo ni tangi,
tumelimiminia moshi tangu enzi za babu zetu,
ila halikuwahi kuimba.
Kwangu mimi ukimya ni kujaa;
lile lilinyamaza tangu tone la kwanza,
nani angejua wakati wa kufunga?

Februari dhoruba ikakata umeme siku mbili.
"Rosaire, mashine yako imekufa," simu ya Bi Verna.
Nikampelekea kuni. Mpango hauna ukurasa wa usiku kama ule,
au unao, sijaufikia.
Tulikaa jikoni na makoti yetu, hatuna la kusema,
hata saa kumi alfajiri taa zikarudi
na kile kisanduku ukutani kikavuta pumzi.
Nilitaka kusema neno. Akainua kidole.
Tukasikiliza.