Kisanduku cha Kumi na Nne

Wanataka jina la ukoo kwanza.
Nimeandika Gogichaishvili. Kisanduku kimekubali hadi Gogichai,
kisha kikanigomea.
Kilichodondoka nje, kwa lugha yetu, maana yake ni mtoto.
Basi naomba ufadhili nikiwa babu wa babu yangu,
bila mzawa.

Picha: usicheke. Sikucheka.
Tarehe ya kuzaliwa: mwezi utangulie siku.
Kwao nikawa nimezaliwa mwezi wa kumi na tisa;
nikafuta, nikazaliwa upya.

Barua ya Profesa Jumber imefika, muhuri wa chuo umekaa upogo.
Ananisifu kurasa mbili nzima: makini, mwepesi wa kushika, ana staha,
na katika aya ya tatu bado ananiita Otar,
aliyeomba mwaka juzi, akapata, akapotelea huko.

Gori imelala. Birika linapiga mluzi, nalizima.
Kwao mlango unafungwa saa sita usiku kasoro dakika moja.
Kwangu hiyo ni saa mbili asubuhi kasoro dakika moja,
jua limeshapanda ukuta wa ngome.

Eleza kwa maneno mia tatu sera ya usalama wa taifa ya nchi yako,
na kwa nini wewe.

Ninayo maneno ya kuvaa tai:
uratibu, mifumo, ustahimilivu wa taasisi.
Nimeyapanga, yamesimama wima
kama wageni wa harusi wasiomjua bibi wala bwana.
Yako mia mbili na tisini na nane.
Hakuna hata moja linalouma.

Linalouma liko kwa baba, mwendo wa nusu saa.
Alfajiri moja walikuja watu na nguzo na waya,
wakapima kwa macho, wakachimba,
na baba alipotoka na kikombe chake cha chai
mizinga saba ilikuwa kwetu
na minne ilikuwa nje ya nchi.

Nyuki hawakuambiwa.
Wanakwenda, wanarudi, hawana pasi, hawana picha isiyocheka,
wanatuletea huku maua ya kule.
Baba akilamba kidole anajua: hii imevuka.

Siku aliyopitisha mkono kwenye waya
afunue mfuniko mmoja tu, asikilize kama malkia yu hai,
walimshika. Siku nne.
Alirudi midomo imevimba,
na tulikubaliana, sote mezani, kwamba ni nyuki.

Swali la kumi na nne:
Je, mwombaji ana maslahi binafsi katika mada aliyoichagua?
Ndiyo. Hapana. Weka alama moja.

Mimi ndiye ninayewaandikia wanafunzi ubaoni
kwamba mtafiti husimama mbali na kitu ili akione.
Mbali kiasi gani?
Baba husimama hatua sita.
Ya saba ni jela.

Mkono umekwenda kwenye Hapana.
Hapana ni njia nyeupe mpaka uwanja wa ndege.

Saa moja na nusu nikampigia.
Alikuwa nje; upepo ulitangulia sauti yake kwenye simu.
«Baba, una maslahi huko?»
«Maslahi?» Akafikiri. «Kilo tisa mwaka huu. Mvua imeharibu.»
Kisha, kama aliyekumbuka adabu:
«Hao watakaokulipia, wanaijua asali?»

Nikaweka Ndiyo.
Chini yake kikafunguka kisanduku kingine, chembamba:
Fafanua. Herufi zisizidi hamsini.

Nikaandika: Mizinga minne

Zilibaki thelathini na saba.
Niliziacha.