Kidoti Kipi

Kwenye fomu kuna visanduku vitatu:
ameelezwa, ameelewa, amekubali.
Cha nne, cha anayesema "ngoja kwanza nivune",
hawakukichora huko Santiago.

Doña Eduvina Nahuelquín, miaka sabini na mmoja,
amevuka matope ya Quenac na mvua ya Aprili,
ameketi karibu na jiko la kuni la zahanati,
soksi zake zinafuka kama chungu.
Mimi ndiye mkunga. Nina karatasi ya vidoti mia mbili.

Zamani sikuwa na vidoti.
Nilikuwa na sauti.
"Mmoja kati ya wanane!" kama mbiu ya mgambo,
na wanawake wakapanda boti kwenda Castro
wamekumbatia vifua vyao kama mtu na mkoba wake sokoni.
Walikwenda. Nikapeleka idadi. Nikapongezwa.
Hakuna aliyeniuliza walikwenda wakijua nini.

Zunilda alirudi na kovu
la kitu ambacho huenda kingelala naye miaka yote
kikaingia naye kaburini bila kumgusa.
Huenda. Neno hilo sikufundishwa kulitamka.
Na Herminda, ambaye picha ilimuwahi,
hunibusu kila tukikutana, hata gatini, hata kwenye upepo.
Wote wawili niliwaambia maneno yaleyale.

Sasa natumia penseli.
"Tuseme hawa ni wanawake mia mbili
wanaopigwa picha ya matiti miaka nenda miaka rudi.
Huyu wa kijani, picha itamwokoa.
Hawa watatu wa rangi ya chungwa watakatwa, watapigwa miale,
kwa ugonjwa ambao usingewasumbua maishani.
Hawa wa njano, ni wengi, wataitwa tena,
watakesha wiki mbili, kisha waambiwe si kitu.
Ni makadirio, doña, si utabiri.
Na kwa umri wako hesabu inayumba zaidi."

Anainama. Anafuta miwani kwa ncha ya shali.
"Mimi ni kidoti kipi?"
"Sijui."
"Na daktari wa Castro?"
"Naye hajui."
"Basi angalau mnafanana."

Najaribu viazi, maana kucha zake zina udongo:
"Ukitaka kujua kama kiazi kimeoza ndani
lazima ukikate, na kikishakatwa si mbegu tena."
Anacheka hadi anakohoa.
"Nani alikudanganya? Kipande chenye jicho huota.
Unakipaka majivu, kidonda kinakauka, unapanda."
Kisha, akiangalia moto:
"Ila sikati gunia zima."

Halafu lile swali, nililolijua tangu alipobisha hodi:
"Ungekuwa wewe?"

Kuni zinapasuka. Nina miaka thelathini na minne,
sina kuku, sina mume asiyeona.
"Siwezi kuwa wewe," namwambia. "Niambie unachoogopa zaidi."
"Boti," anasema upesi.
Baada ya muda mrefu: "Kumwacha Ruperto na ngazi zile."
Baada ya muda mrefu zaidi:
"Kujua. Na kutojua. Andika yote mawili."

Naandika pembeni mwa fomu, nje ya mstari.

Mei anarudi na ndoo: viazi vyeusi, vyekundu,
vingine vimepinda kama vidole vya bibi.
"Hapana," anasema. "Mwaka huu hapana."
Kalamu yangu inataka kubishana. Naishika.
Namweleza ya kumfanya aje mbio, mvua isimzuie:
uvimbe, chuchu iliyozama ndani,
ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa.
Anayarudia kwa mdomo, mara mbili,
kama mtu anayekariri namba ya simu.

Mlangoni anavaa koti, anageuka.
"Binti yangu Yessenia yuko Ancud. Amefika hamsini.
Mpe na yeye karatasi. Lakini usimpakie rangi.
Mpe penseli."