Ukurasa wa Nyuma

Daftari lilinunuliwa kwa kilo, pamoja na magazeti,
na muuza karanga wa Kirumba. Alikuwa akilichana
ukurasa mmoja, koni moja, mia mbili.
Nililiokoa likiwa limebaki nusu.
Kwa hiyo mwaka hamsini na saba, Januari hadi Machi,
umetafunwa na chumvi yake
na watu waliokuwa wakitazama mpira uwanjani.

Karani aliitwa Lugobe. Mwandiko wake
unalalia kulia kama matete penye upepo.
Tarehe. Mwalo. Makapu. Ushuru.
Na pembeni, kwa penseli, bila kuombwa na mtu:
mvua ya usiku. Maji mekundu. Ningu wana mayai.

Ningu.
Mtaje leo pale Mwaloni, kijana atakuuliza
kama ni dagaa wa aina mpya.
Mama alimkumbuka kwa miiba:
samaki, alisema, aliyewanyamazisha wagomvi mezani.

Chuoni tulifundishwa habari za nyangumi.
Ramani ya kuwalinda leo imechorwa kwa wino wa waliowaua,
mabaharia wenye chusa mkono huu, kalamu mkono ule,
wakiandika siku, upepo, mahali, na mapipa ya mafuta.
Nilicheka. Sisi wa ziwani tuna nini?
Tuna koni za karanga.

Kazi yangu ni nukta.
Nasoma jina la mwalo, nalitafuta, naweka nukta ya bluu.
Majina mengine yamezama. Jiwe la Chatu. Kwa Mjane.
Nilipiga simu thelathini kumtafuta huyo mjane
hadi mtu mmoja wa Igombe akaniuliza, uko wapi sasa hivi?
Nikamwambia, nyuma ya kiwanda cha minofu.
Akasema, basi umemkanyaga.

Lakini hesabu ilinikera.
Makapu kumi na mawili. Kesho yake, kumi na mawili.
Jumatatu ya dhoruba, kumi na mawili.
Ziwa halina adabu ya namna hiyo.

Ni mwanangu aliyelishika daftari kichwa chini,
akalifungua kwa nyuma kutafuta pa kuchora ng'ombe.
Huko kulikuwa na mwandiko uleule, mdogo, uliobanana:
thelathini na moja. Arobaini na nne. Tisa. Hakuna.
Hamsini na mbili, *mdomo wa Simiyu, wanapanda mto*.

Kumi na mawili yalikuwa ya Serikali.
Lugobe aliiibia ofisi ushuru,
akashindwa kuliibia ziwa.

Nikafuta nukta zote. Nikaanza upya, kutokea nyuma.

Malimi, mwenyekiti wa wavuvi, aliitazama ramani
kama mtu anayeonyeshwa picha ya mkwe asiyempenda.
Mnalinda karatasi, alisema.
Hata hivyo alitupeleka, usiku wa mvua ya Aprili,
maji yakishuka na udongo wa mashamba ya watu.
Wavu wa kwanza: gugu maji na ndala moja.
Wa pili: sato wachanga, tukawarudisha.
Wa tatu, alfajiri, kitu cha rangi ya fedha chafu,
midomo minene, tumbo limejaa.
Malimi hakusema neno. Alimshika kwa viganja viwili,
akamrudisha mtoni upande wa juu.

Kikaoni tuliomba miezi miwili mdomo wa mto usivutwe kokoro.
Akasimama: na watoto wangu watakula nini hiyo miezi miwili?
Nilifungua daftari mbele, nikafungua nyuma.
Lugobe hakuandika hilo popote.
Tulipata mwezi mmoja.

Madumu ya alama aliyafunga Malimi mwenyewe, kwa hasira,
mafundo ambayo hata mimi sijui kuyafungua.

Bado nanunua karanga Kirumba.
Nakunjua koni kwanza, nazimimina mfukoni,
nasoma pande zote mbili,
ndipo natafuna.