Maagizo kwa Helka, Atakayemchukua Rusko

Kwanza, usimwite mara mbili.
Mara ya kwanza amesikia.
Ya pili anakudharau, na ya tatu
anakuonyesha ule mkia uliojikunja mgongoni
kama mkono wa kikombe,
akaenda zake kunusa rundo la kuni.
Si ukaidi. Marehemu baba alisema
mbwa mtiifu kupita kiasi
hupotea msituni pamoja na bwana wake.

Chakula: asubuhi kidogo, jioni cha kutosha.
Vichwa vya samaki vichemshe, miiba utoe.
Atakutazama kama yatima. Mwongo huyo.
Siku kiganja chako kitakapokosa mbavu zake
ujue umempenda vibaya.

Usimwogeshe. Tope likikauka
hupukutika lenyewe, wewe fagia tu.
Lakini mara mbili kwa mwaka anaponyonyoka,
mchane nje, mgongo wako kwenye upepo;
manyoya ya ndani yatatoka mafungu mafungu,
mekundu kama shaba iliyosuguliwa,
na ndege watayaokota wakajengee viota.
Irja alijaza mto mzima.
Bado naulalia.

Theluji hugandamana katikati ya vidole vyake.
Mpake mafuta ya nguruwe kabla hamjatoka.
Atayalamba. Mpake tena.

Sasa kazi.
Atatangulia, hutamwona.
Mahali fulani atamwamsha metso,
yule ndege mweusi mzito kama majogoo wawili,
naye ataruka atue juu ya msonobari.
Hapo Rusko atakaa chini ya mti aanze kubweka,
mkia ukiyumba taratibu, kushoto, kulia,
na ndege atainamisha shingo
kukitazama hicho kitu chekundu kinachomtukana,
akasahau kuwa duniani kuna watu.
Wewe tembea juu ya sauti.
Akibweka, piga hatua.
Akinyamaza, simama,
hata kama mguu mmoja uko hewani.

Hayo yote nilikuwa nayajua.

Sasa nikwambie nisilomwambia daktari kule Kajaani.
Walitangulia kunitoka ndege wadogo, wale wa sauti nyembamba.
Halafu birika. Halafu saa ya ukutani,
nikadhani imekufa, nikanunua betri.
Oktoba iliyopita nilisimama kwenye ukingo wa kinamasi
na msitu ulikuwa umefungwa
kama kanisa siku ya Jumatatu.
Nilingoja. Nilimlaani mbwa wa watu
kwamba amelala mahali, amezeeka.
Jua lilipohama bega ndipo nikafuata nyayo zake
juu ya umande ulioganda.

Alikuwa chini ya mti.
Taya likifunguka na kufunga,
mvuke ukitoka kinywani kipande kwa kipande,
bila sauti yoyote, Helka,
kama mtu anayezungumza nyuma ya kioo cha benki.
Sijui alikuwa ameniita kwa muda gani.
Hakunitazama hata mara moja. Macho juu,
kwa metso wake, ambaye alikuwa bado yupo,
amekaa kama shahidi aliyechoka mahakamani.

Bunduki niliilaza.
Nikapiga magoti kwenye ukoka wa baridi
nikaweka kiganja ubavuni mwake,
na hapo ndipo nilipomsikia:
dhu, dhu, dhu, ndani ya mifupa ya mkono,
sauti yote ya mwaka ule.
Metso akaondoka. Rusko akanigeukia
kwa uso ambao sitaki uuone.

Kwa hiyo mchukue. Wewe una masikio ya miaka kumi na saba.
Wiki ya kwanza atatoroka arudi kwangu;
sitamfungulia mlango, nawe usichelewe kuja.
Blanketi lake usilifue.
Na msimu ukifunguliwa, piteni nyuma ya sauna yangu
kwenye ile misonobari mitatu.
Usigonge, hakuna maana.
Nitakuwa dirishani, nikitafuta mvuke.