Sababu, Mstari Mmoja

Mkurugenzi ameniachia fomu, ukurasa mmoja tu:
visanduku vitatu, umeme, gesi, dizeli.
Tia alama, tia sahihi, Ijumaa kabla ya saa nne.
Mimi Bogumiła, mtunza stoo, miaka kumi na tisa
katika ushirika huu wa matofaa nje ya Grójec,
sijawahi kuulizwa neno
ila funguo ziko wapi.

Basi nikawauliza wanaoendesha foklifti,
na mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Zenon aliitetea dizeli kama mtu anayetetea ndoa.
"Uani kuna mteremko. Kuna matope ya Novemba.
Theluji ya Februari inafika kwenye ekseli.
Mpe huyo wa betri makasha manne ya mbao
apande nayo hadi kwenye mizani ya malori,
utamkuta katikati ya njia, roho imekata,
na chaja iko huku ndani, ukutani, inamsubiri."
Alisema kwa kelele, wala hakuwa na hasira.
Sikio lake la kushoto lilibaki kwenye ile injini
mwaka aliozaliwa binti yake wa pili.

Jagoda, mdogo kuliko wote, anataka gesi.
Mtungi ukiisha unafungua, unafunga mwingine,
chai haijapoa umerudi kazini.
Ndani unaingia, nje unatoka.
Popo, nikamwambia: si ndege, si mnyama.
Akacheka, akanionyesha vidole viwili
vilivyobabuliwa na baridi ya vali.

Umeme haukuwa na mtetezi
isipokuwa muuzaji, aliyeleta kalenda na biskuti.
Ghali leo, nafuu kesho, alisema. Na kweli, rahisi huvunja upishi.
Akafunua kifuniko, nikaiona betri:
zaidi ya tani moja ya risasi na tindikali.
Nikadhani ni mzigo juu ya mzigo.
La, akasema, uzito huu umekaa nyuma
ili shehena ya mbele isiibinue mashine.
Hilo nililipenda. Nililitembeza kichwani siku nzima.
Hakusema nani atazijaza maji hizo betri Jumapili,
wala kwamba katika baridi ya vyumba vyetu
chaji hupungua kama mshahara,
wala kwamba tani nne zikija kimya nyuma ya kona
kisigino chako ndicho cha kwanza kupata habari.

Usiku nikakaa na fomu jikoni.
Nikamkumbuka Ireneusz.

Chumba namba sita. Mlango umefungwa ubaridi usitoke,
foklifti ya gesi inanguruma mahali pamoja.
Alisema kichwa kinamgonga.
Alisema, ngoja nimalize safu hii.
Nilimkuta ameketi kati ya makasha,
mashavu mekundu, mazuri,
kama mtoto aliyetoka kucheza thelujini.
Alipona. Kazini hakurudi.
Kwenye ripoti waliandika: uchovu.

Msimu ule ule matofaa ya chumba namba sita
yaliiva kabla ya siku zake.
Mtaalamu alikuja, akanusa, akaeleza
kwamba ndani ya moshi mna kitu
kinachoyadanganya matunda kwamba wakati umefika.
Machi yalikuwa laini kama viazi vya kuchemsha,
yote yakaenda kwenye juisi.
Hasara yake ilipigwa hesabu hadi senti ya mwisho,
ikasomwa kwa sauti mkutanoni,
watu wakashika vichwa.

Nimetia alama kwenye umeme.
Pembeni, pasiporuhusiwa kuandika, nimeandika:
dizeli moja ibaki kwa Zenon, uani,
isivuke mstari wa njano.
Mstari wa njano haupo. Jumamosi nitaupaka mwenyewe.
Jagoda amenuna; hajaniamkia tangu jana.

Chini kabisa kuna neno "sababu"
na mstari mmoja, mfupi kama kidole.
Jina la Ireneusz lingeenea pale.
Nimeandika: matofaa.
Hilo wataelewa.