Hali ya Ndege

Siku ya tatu sasa, Nazibrola hana waifai.
Ruta ameizima, akahesabu hadi thelathini,
akaiwasha: vitaa vyote kijani, havina hatia.
Nywila ameiandika kwa kidole kimoja,
herufi baada ya herufi, kama anayechagua mchele.
Amebonyeza hata pale palipoandikwa Sahau mtandao huu,
kisha akajuta:
kusahau kumbe nako kunataka nywila.

Mvua ya Kutaisi inapiga bati la kibaraza.
Leo Jumapili. Binti yake, huko Thesaloniki,
hupiga saa kumi kamili, akiwa katika jiko la watu.

Akaja Otari wa ghorofa ya chini, fundi cherehani,
miwani imeshikizwa kwa uzi.
Mipangilio hakuigusa.
Alipuliza makombo ya mkate wa jibini kwenye kibodi,
akaona kitufe chenye picha ya ndege, kimewaka.
"Jirani, mashine yako iko angani."

Angani! Na yeye hata Tbilisi huenda kwa basi.

Kitufe kikabonyezwa. Laptopu ikatua.

"Siku tatu, mama! Ulikuwa wapi?"
"Nilisafiri kidogo,"
akasema, akifuta meza iliyokwisha takata.